Shajara ya Kitalu cha Kranberi, Massachusetts: 2021 hadi 2024

Shajara hii inafuatilia kitalu kimoja cha kranberi kilichochimbwa nyuma ya nyumba katika Kaunti ya Worcester, jimbo la Massachusetts, pamoja na ziara za kila msimu wa mavuno katika mashamba makubwa ya kusini-mashariki mwa jimbo hilo. Imeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani na Kanada, wenye ua na hamu ya kulima tunda lililo la asili ya nchi hizo. Anayesoma akiwa Lushoto au Limuru asijitie gharama: machipukizi ya kranberi huhitaji zaidi ya saa 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi ndipo yaweze kutoa maua, na majira ya kwetu hayatoi baridi ya namna hiyo. Gharama zote ni kwa dola za Marekani.

17 Aprili 2021: Kuchimba na kupanda

Shimo lina urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 20, ambacho kinatosha kwa kuwa mizizi ya mmea huu haishuki sana. Nimetandika karatasi nzito ya plastiki chini na pembeni, bila tundu lolote, ili maji yasipotee. Ili kupunguza gharama, shimo limejazwa nusu kwa mboji ya kinamasi, ile nyepesi ya rangi ya kahawia inayouzwa ikiwa imeshindiliwa katika marobota, na nusu kwa udongo wa uani uliochanganywa na mboji ya mabaki ya jikoni. Imepandwa miche 12 ya aina ya Stevens, ambayo watafiti wa serikali ya Marekani waliitoa kwa wakulima mwaka 1950 na ambayo bado hulimwa sana kwa sababu huzaa vizuri na hustahimili mengi.

Gharama: marobota 2 ya mboji ya kinamasi, dola 44, miche, dola 108, plastiki, dola 18, mboji ya kuongezea, dola 12. Jumla ni dola 182.

Agosti 2021: Kitalu kimekuwa dimbwi

Julai ya mwaka huu imekuwa miongoni mwa zenye mvua nyingi zaidi kuwahi kupimwa Massachusetts, na kitalu kisicho na tundu kilishika kila tone. Maji yalisimama juu ya udongo kwa muda mrefu. Miche iliyokuwa upande wa chini ilianza kukauka ncha, na nilipoing'oa mmoja nilikuta mizizi myeusi, laini, yenye harufu ya kuoza. Miche 7 imekufa.

Ile 5 iliyobaki nayo si mizima. Majani yake yana rangi ya njano huku mishipa ikibaki kijani, dalili kwamba mmea unakosa madini ya chuma. Chuma kinaweza kuwapo tele udongoni lakini mmea wa jamii hii usiweze kukifyonza ikiwa udongo hauna tindikali ya kutosha. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi, kimeonyesha 6.2, ilhali kranberi hutaka kati ya 4.0 na 5.5. Mboji ya mabaki ya jikoni, ambayo kwa nyanya na sukumawiki ni neema, ndiyo iliyoharibu mambo hapa.

Kwa sasa nimetoboa plastiki kwa uma wa bustani ili maji yashuke. Kabla ya kufanya zaidi ya hapo, ni vyema kwenda kutazama mashamba yenyewe.

9 Oktoba 2021: Carver na Wareham

Mavuno ya Massachusetts huanza karibu na katikati ya Septemba na huendelea hadi mwanzoni mwa Novemba, na mwisho wa juma huu wa pili wa Oktoba ndio wakati mzuri wa kuyaona. Barabara za Carver na Wareham zinapita kando ya mashamba mengi kiasi kwamba mtu anaweza kuona hatua zote za kazi kwa siku moja: shamba moja likiwa kavu, la pili likijazwa maji, na la tatu likiwa jekundu kutoka ukingo hadi ukingo.

Hatua zenyewe ni hizi. Maji huingizwa kutoka kwenye lambo hadi yafunike mimea kwa kina kidogo, kisha mashine yenye magurudumu makubwa na fito za chuma zinazozunguka hupita ikikoroga maji ili matunda yang'oke kwenye vikonyo. Ndani ya kila tunda mna vyumba vinne vya hewa, kwa hiyo huelea mara tu yanapong'oka. Maji huongezwa hadi kufikia kiasi cha sentimita 45, wafanyakazi waliovaa suruali za mpira zinazofika kifuani huyazungushia matunda uzio mrefu unaoelea, na uzio huo huvutwa polepole hadi matunda yote yakusanyike mahali pamoja, ambapo pampu huyanyonya na kuyapandisha kwenye lori. Zaidi ya asilimia 90 ya zao la Marekani huvunwa namna hii, na matunda yake huenda kwenye juisi, rojo na yale yanayokaushwa kwa sukari.

Jambo lililobadilisha mradi wangu, hata hivyo, nililiona katika shamba ambalo lilikuwa bado halijaingiziwa maji. Lilikuwa kavu kabisa, tambarare, likiwa limezungukwa na kukatwa katikati na mitaro ya kina, na mwenye shamba alituruhusu tushike udongo wake. Juu palikuwa na mchanga mtupu, mkavu na mgumu chini ya viatu. Alieleza kwamba msimu mzima wa ukuaji kazi ya mitaro hiyo ni kuondoa maji, si kuyaleta, kwa sababu mizizi ikikosa hewa mmea hufa. Maji huja wakati wa mavuno, wakati wa kujikinga na baridi kali, na wakati wa kupambana na baadhi ya wadudu, kisha huondolewa na mara nyingi hupitishwa kwenda shamba linalofuata. Picha za mashamba yaliyojaa maji zinazosambazwa kila Oktoba zinaonyesha siku chache tu za mwaka wa mmea huu.

Mchanga nao una historia yake. Mwaka 1816 huko Dennis, kwenye rasi ya Cape Cod, mkulima Henry Hall aliona kwamba mimea ya kranberi iliyofunikwa na mchanga uliopeperushwa kutoka pwani ilistawi kuliko mingine, akaanza kuihamisha na kuifukia kwa makusudi. Watu wa Wampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwa wakichuma tunda hili porini tangu kale, na wale wa Aquinnah katika kisiwa cha Martha's Vineyard bado huadhimisha Siku ya Kranberi kila Jumanne ya pili ya Oktoba; lakini kilimo chake kama biashara kilianzia kwenye mchanga huo. Mashina yanayotambaa yakifunikwa kidogo hutoa mizizi mipya, na kutoka hapo huchomoza vichipukizi wima, vifupi, ambavyo ndivyo vinavyobeba maua na matunda.

23 Aprili 2022: Kujenga upya

Udongo wote wa zamani umetolewa na kupelekwa kwenye matuta ya mboga. Plastiki imebakishwa pembeni tu ili mizizi ya nyasi isiingie; chini ni ardhi tupu, iliyolegezwa kwa uma. Shimo limejazwa mboji ya kinamasi pekee, na juu yake nimesambaza mchanga wa chembe kubwa wenye unene wa sentimita moja na zaidi kidogo.

Mchanga unahitaji uangalifu. Mifuko ya kwanza niliyoichukua dukani ilikuwa na mchanga mwororo wa kuchezea watoto, nami niliujaribu kwa kumwagia siki kijiko kimoja cha mchanga. Ulitoa povu, maana yake ulikuwa na chokaa, na chokaa ingepandisha pH tena. Mifuko hiyo nimeirudisha na kununua mchanga uliooshwa wa kuchujia maji, ambao haukutoa povu hata kidogo. Jaribio hilo ni la senti chache na linaokoa mwaka mzima.

Gharama: marobota 4, dola 96, mchanga mifuko 3, dola 18, miche 7 ya kuziba mapengo, dola 70, pipa la kukingia maji ya mvua, dola 65, vifaa vya kupimia pH, dola 22. Jumla ni dola 271. Kipimo cha leo ni 4.4.

Agosti 2022: Ukame, na mbolea iliyozidi

Mwaka jana tatizo lilikuwa mvua. Mwaka huu jimbo zima limo katika ukame, na miji mingi imezuia kumwagilia bustani. Pipa la mvua lilikauka mapema. Mboji ya kinamasi ina tabia moja ambayo haikuandikwa kwenye robota: ikishakauka kabisa huyakataa maji. Nilimwaga ndoo nzima ikatiririka juu na kuingia kwenye nyasi, huku sentimita tano chini kukiwa na vumbi. Kilichosaidia ni kuchoma mashimo membamba kwa kijiti na kumimina maji ya vuguvugu kidogo kidogo, asubuhi na jioni, hadi mboji ikubali kunywa tena. Tangu hapo nachunguza kwa kidole kila asubuhi, na sisubiri uso ubadilike rangi.

Nimelazimika pia kutumia maji ya bomba yale tuliyoruhusiwa. Mamlaka za maji hapa huyapunguzia tindikali kwa makusudi ili yasile mabomba ya zamani yenye risasi, jambo ambalo ni jema kwa afya ya watu lakini si jema kwa kranberi, kwa hiyo mvua itakaporudi pipa ndilo litakalotumika.

Kosa la pili la msimu ni unga wa damu. Niliuchanganya kwa wingi wakati wa kupanda, nikitarajia miche ipate nguvu, na nguvu imepatikana mahali pasipofaa: mashina yanayotambaa yamerefuka kupita ukingo wa kitalu, mengine yakizidi mita moja, huku vichipukizi wima vikiwa vya kuhesabika. Nitrojeni nyingi huufanya mmea utambae badala ya kuzaa. Dawa yake ni kuacha mbolea kabisa kwa msimu unaofuata, na kuyarudisha mashina ndani ya kitalu, kuyalaza na kuyafunika kwa mchanga ili kila moja litoe mizizi. Kwa njia hiyo hasara imekuwa na faida, kwa sababu mapengo yamezibwa bila kununua miche mingine.

8 Oktoba 2022: Mavuno makavu

Safari hii nimetafuta shamba linalovuna bila maji, kwa sababu matunda yanayouzwa mabichi madukani hutoka huko. Kazi haianzi hadi umande ukauke, maana tunda bichi lenye unyevu haliwekeki. Mashine ndogo inayosukumwa kwa mikono ina meno yanayochana mimea na mkanda unaopeleka matunda kwenye gunia nyuma. Hupita polepole, na bado huacha sehemu ya matunda chini. Ndiyo sababu wengi wamehamia kwenye maji. Pamoja na hayo, matunda yake ni magumu na hayana doa, na nadhani mtu anayetaka kupika ayatafute haya.

Katika ghala tulionyeshwa mashine ya mbao ya kuchambulia, ambayo kila tunda hudondoka juu ya ubao na kupewa nafasi ya kuruka kizuizi kifupi. Zima huruka, lililooza hubaki. Chombo cha zamani zaidi kilichotundikwa ukutani ni kichanio cha mbao chenye meno marefu, ambacho mvunaji alikitumia akiwa amepiga magoti. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 na kwa miongo mingi ya karne ya 20, waliopiga magoti hayo walikuwa kwa sehemu kubwa wahamiaji kutoka visiwa vya Cabo Verde, Waafrika waliovuka bahari hadi New Bedford na mwambao wake. Baadhi yao walifanikiwa kununua mashamba yao wenyewe, na wajukuu wao bado wako Wareham na vitongoji vyake. Kwa Mwafrika anayetembelea mashamba haya naona ni haki ya watu hao kwamba kazi yao ijulikane kabla ya picha kupigwa.

Mwenye shamba alituonyesha pia adui ambaye mtu wa pwani yetu angemtambua mara moja: nyuzi za rangi ya chungwa, zisizo na majani, zilizojisokota juu ya mimea na kuifyonza. Ni mmea unaofanana na mlangamia. Shauri lake ni kuzikata pamoja na sehemu ya mmea zilizoishika, kabla hazijatoa mbegu, kwa sababu mbegu hizo hudumu udongoni miaka mingi.

Mei 2023: Baridi mbili

Kranberi haipukutishi majani. Wakati wa kipupwe hugeuka rangi ya zambarau iliyoiva na kubaki hivyo, na hatari yake si baridi yenyewe pekee bali upepo mkavu unaonyonya maji ya majani wakati mizizi imeshikwa na barafu na haiwezi kuyarudisha. Wakulima hufurika mashamba ili barafu ifunike mimea. Barafu ikiwa nene ya kutosha, huendesha malori juu yake na kumwaga mchanga, nao hushuka wenyewe barafu inapoyeyuka. Nyumbani, theluji hufanya kazi hiyo ya kufunika, lakini kipupwe hiki theluji imekuwa haba, na tarehe 4 Februari Boston ilishuka hadi nyuzi 23 chini ya sifuri. Kitalu kilikuwa kimefunikwa kwa majani ya msonobari tangu Desemba. Upande mmoja ambao upepo uliyapeperusha, ncha zote zilikauka; kwingine hakuna madhara. Mwakani yatawekewa wavu juu.

Jalidi ya usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei, iliyoharibu matufaha na mizabibu mahali pengi kaskazini-mashariki mwa Marekani, ilikuta machipukizi tayari yameanza kurefuka. Shamba kubwa huwasha vinyunyizio usiku kucha, kwa kuwa maji yanapoganda hutoa joto, na kadiri yanavyoendelea kuongezwa chipukizi hubaki karibu na sifuri bila kushuka zaidi. Mimi nilikuwa na shuka moja tu, iliyotosha theluthi mbili za kitalu. Sehemu iliyofunikwa sasa imejaa vifundo vya maua. Theluthi iliyobaki wazi imekufa macho, na vichipukizi vyake vinatoa matawi ya pembeni yasiyo na ua. Nimenunua kitambaa cha bustani kinachotosha eneo lote, dola 25.

Agosti 2023: Kiwavi wa tunda

Maua yalifunguka mwishoni mwa Juni, madogo, meupe yenye wekundu, yameinama. Wakulima hukodi mizinga ya nyuki kwa wiki hizo. Hapa nyumbani nyuki wakubwa wenye manyoya walitosha, na wao hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa kuwa hutikisa ua kwa mtetemo hadi chavua ianguke.

Matunda yalishika vizuri, kisha mwishoni mwa Julai baadhi yakawa mekundu kabla ya wakati. Yanapopasuliwa huonekana kiwavi wa kijani na uchafu wake, na tundu limezibwa kwa utando. Nondo wake hutaga yai upande wa chini wa tunda changa, na kiwavi mmoja hula tunda moja baada ya jingine kabla hajakomaa, kwa hiyo hasara ni kubwa kuliko idadi ya viwavi. Nimechuma kila tunda lililotangulia kuwa jekundu na kulitumbukiza kwenye maji ya sabuni. Mkulima mmoja wa Massachusetts aliniambia kwamba yeye hufurika shamba kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei ili kumpunguza mdudu huyu. Kwa kitalu kidogo njia inayowezekana ni wavu wa matundu madogo kabisa, uwekwe mara petali zinapodondoka na si mapema, ama sivyo nyuki watazuiwa. Wavu umegharimu dola 28.

15 Oktoba 2023: Mavuno ya kwanza

Gramu 900, zilizochumwa kwa mkono, karibu zote kutoka sehemu iliyofunikwa Mei. Uchachu wake unakaribia ule wa choya, ndiyo maana nyumbani tumeyapika kama tunavyopika choya: maji, sukari, mdalasini na tangawizi, yakachujwa na kunywewa ya baridi.

12 Oktoba 2024: Mavuno ya pili na Tidmarsh

Kilo 3.4. Wavu umezuia karibu viwavi wote, jalidi haikuja wakati wa hatari, na vichipukizi wima vimesongamana hivi kwamba mchanga hauonekani tena. Mbolea pekee ya mwaka imekuwa SA, yaani salfeti ya amonia, kijiko kimoja cha chai kwa kila mita ya mraba mwezi Juni, kwa kuwa kranberi hutumia nitrojeni iliyo katika hali ya amonia. Matumizi ya mwaka ni dola 32, ya mbolea na mchanga. Jumla tangu 2021 ni dola 538. Mfuko wa gramu 340 unauzwa karibu dola 3 dukani, kwa hiyo anayelima ili kuokoa fedha asianze.

Mwezi huu ni mkavu sana, na huko Wareham niliona wakulima wakiyahamisha maji yale yale kutoka shamba hadi shamba kwa uangalifu mkubwa. Baada ya hapo tulikwenda Plymouth, kwenye hifadhi ya Tidmarsh, ambayo zamani ilikuwa shamba kubwa la kranberi na ilifunguliwa kwa umma mwaka 2017 baada ya kurudishwa kuwa kinamasi. Waliofanya kazi hiyo walifukia mitaro, wakavunja mabwawa na kuuvuruga mchanga uliolundikana kwa miongo mingi, ili maji ya chini ya ardhi yafike tena juu. Hakuna mahali panapoonyesha vizuri zaidi jinsi shamba la kranberi lilivyojengwa kwa mikono: ili kinamasi kirudi, ilibidi kila kitu ambacho mkulima aliweka kiondolewe kimoja kimoja. Ninashauri mtu aone mashamba yanayovunwa asubuhi na Tidmarsh alasiri ya siku hiyo hiyo.

Novemba 2024: Vipandikizi

Majirani wawili wameomba mbegu. Mbegu si njia nzuri, kwa sababu mche wake haufanani na mama. Mwishoni mwa Aprili nitakata mashina yanayotambaa, vipande vya sentimita 15, na kuvichomeka kwenye mboji yenye mchanga juu hadi ibaki ncha ya sentimita 3 hivi, kisha kuviweka na unyevu bila kuvizamisha hadi vishike mizizi. Kwa ukubwa wa kitalu kama hiki vipande 60 vitajaza nafasi haraka kuliko miche 12 ya dukani, na havigharimu chochote. Mboji iandaliwe mapema, ilowe usiku kucha, na pH ipimwe kabla ya kipande cha kwanza kuchomekwa.